Mama Tumaini, Maputo ya Hali ya Hewa na Stesheni ya Mwaya

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, Mama Tumaini anazima redio koli ya hospitali yetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na minane ya kuita na kuitika. Kwenye kitambulisho ameandikwa Yunis Anangisye. Mgeni akimwuliza jina kamili, humwonyesha kitambulisho na kutazama pembeni, kwa sababu Anangisye ni baba mkwe wake, na mke wa Kinyakyusa halitamki jina la baba mkwe. Hamsemeshi, hamtazami usoni, wala hakai naye chumba kimoja. Makarani wapya wamewahi kumdhania bubu. Lo! Walikuja kujuta, maana mama huyu akianza kuongea, chai inapoa.

Aliajiriwa kama mhudumu wa wodi, akafundishwa redio kwa kuwa sauti yake ilisikika hata mvua ikipiga bati. Zahanati za Mwaya, Katumba Songwe na Bujonde zinamjua kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi Lameck, dereva wa gari la wagonjwa, nimetumwa na sauti hiyo kuliko nilivyotumwa na mke wangu, na sijawahi kuthubutu kusema sikusikia. Wako watu wazima wanaotembea mjini leo kwa sababu Mama Tumaini aliwasikia mama zao kwa wakati.

Miaka ya ruksa ilipofika, biashara ikafunguliwa na vifaa vya redio vikaanza kuonekana madukani na kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Songwe, Mama Tumaini akaanzisha kikundi cha wapenda redio. Walimu wa sayansi kule Tukuyu walikuwa wakirusha maputo makubwa ya kupima hali ya hewa, yanayopaa kupita mawingu mpaka yanapasuka. Chini ya puto hufungwa sanduku lenye vipimo, na ndani yake mtambo mdogo unaolia ti-ti-ti. Kazi ya kikundi, bila malipo, ni kuusikiliza mlio huo na kujua sanduku limeangukia wapi. Moja tulilifuata Bujonde tukalikuta limepangwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na mwenye nyumba hakutaka kabisa kuachana nalo.

Antena moja huonyesha upande tu. Ukitaka kujua mahali, unahitaji mbili, mistari yake ikatane kwenye ramani. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Tumaini hapa hospitalini. Ya pili ilikuwa Mwaya, kwa nani kama si Mzee Anangisye mwenyewe, mstaafu wa redio za melini! Basi Gwamaka, mwana wa mzee na mume wa mama, akawa anakaa hapa redioni, katikati yao. Baba anasema hewani, mke anasikia waziwazi, lakini haandiki mpaka Gwamaka arudie. Tulimwita kasuku, naye alicheka pamoja nasi.

Jumamosi moja ya mwaka 1991 puto lilipasuka juu ya ziwa. Gwamaka na mimi tulilifuata sanduku kwa boti ya injini, tukaliopoa tukishangilia hewani. Kisha injini ikazima, upepo ukageuka, mvua ikafunga ziwa tusione nchi kavu. Redio yetu ya mkononi ikalowa na kufa. Kilichobaki hai ni lile sanduku, likilia ti-ti-ti miguuni petu.

Mama Tumaini aliusikia mlio ukihama kuelekea miamba ya upande wa Matema, akajua mumewe yuko nao. Upande alikuwa nao. Mahali hakuwa napo, na mtu wa katikati ndiye aliyekuwa majini. Kumfundisha mwingine redio kungekula muda ambao boti haikuwa nao. Wanawake waliokuwa barazani walimwona akiweka mkono kwenye kibonyezo, akiutoa, akiuweka tena. Ndipo akaita Mwaya, akaomba upande wao. Bibi mmoja alishika mdomo. Ee Kyala, Mungu wangu, anamwita mkwewe!

Redio ilinyamaza. Mama Tumaini husema kimya kile ndicho kilichomwotesha mvi. Kisha Mzee akajibu nyuzi za dira, bila salamu, akauliza za kwake. Walisemeshana hivyo mpaka mistari ikakatana, na wavuvi wa Mwaya wakasukuma mtumbwi mkubwa majini. Walitukuta tukichota maji kwa kofia. Nililia, sioni haya kusema.

Mama Tumaini naye alilia, kwa sababu yake nyingine: amevunja heshima. Alimtuma Gwamaka kwa Mzee na kuku na maneno ya kuomba radhi. Mzee alimpokea kuku, akamla, asiseme neno. Puto lililofuata lilipopaa, Gwamaka alirudi katikati kama zamani. Tangu hapo Mama Tumaini hajui kama alisamehewa au alistahiwa tu, na mara nyingi amesema hapa kazini kwamba hilo ndilo jambo pekee linalomsumbua anapostaafu.

Jana nilipeleka mwaliko Mwaya. Mzee alisema hawezi kukaa ukumbi mmoja na mkwewe, desturi ni desturi. Lakini ameomba redio iletwe dirishani mwa ukumbi na iachwe imewashwa. Gwamaka alijitolea kurudia maneno, kama kawaida yake. Mzee akamwambia atulie ale wali wake. Yeye mzee atamshukuru kwa kinywa chake mwenyewe aliyemrudishia mwana kutoka majini.

Mama yetu, kwa wote uliowaitia msaada, ndaga fijo, asante sana. Migomba yako izae, kokoa ikauke vizuri, na maisha yako ya kustaafu yawe mema na marefu. Ndugu wafanyakazi, baada ya wali naomba tunyamaze kidogo. Na wewe Mama Tumaini, Mwaya ikikuita, itika.