Sura ya Mama Yake Protasi

Habari hii alinisimulia kwanza Yahaya, muuza kahawa wa Benaco, mji mdogo wa mpakani, Julai 2023. Benchi lake liko mbele ya duka la mbegu. Asubuhi ilipotokea walikaa hapo watatu: Fideli aitwaye Redio, kwa kutangaza kila uvumi, Minani aitwaye Jaji, kwa kuwa aliwahi kuwa mzee wa baraza, na Mzee Protasi, aliyevuka na mama yake kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa mtoto. Akimana, binti kutoka Mugoma anayepiga picha na kutengeneza filamu, alikuwa amepanga chumba cha jirani. Aliwaomba wazee ambao mama zao hawakuacha picha wakae mbele ya kamera, waeleze sura za mama hao. Protasi alikwisha kukataa mara mbili.

Redio: — Sura ya marehemu ya nini? Ulaya kuna mashine. Unaitajia pua tu, inatoa mtu mzima.

Jaji: — Pua bila kitambulisho? Hiyo ni sensa ya siri. Ukisema mama alikuwa mrefu, wanajua ulikotoka. Kesho unaambiwa rudi.

Protasi: — Nirudi wapi? Nimepiga kura hapa mara sita!

Jaji: — Waliopiga kura ndio wa kwanza kurudishwa. Mti hauendi ila kwa nyenzo.

Protasi: — Methali hiyo inaingiaje hapa?

Jaji: — Inaingia. Kunywa kahawa.

Redio: — Wakishawaunda upya mama zetu, watakuja kudai mashamba!

Protasi: — Mama yangu hakuwa na shamba.

Redio: — Basi atapewa lako.

Protasi: — Nimesema sikai mbele ya kamera. Penye wazee haliharibiki neno.

Akafika Swaumu, mchuuzi wa maharage kutoka Runazi, akatua kapu lake.

— Shikamooni. Nawasikia toka barabarani, kuna nini?

Yahaya akamweleza. Swaumu akamgeukia Protasi.

— Kwani baba, mama alikuwaje?

Jaji akachungulia kikombe chake.

— Nakumbuka kitenge, alisema Protasi. Na mgongo. Njia nzima nilikuwa nyuma yake. Alifariki mwezi huohuo tuliofika.

— Si useme huo mgongo, basi.

Protasi aliacha kahawa yake, akaenda kugonga mlango wa Akimana.

Katika filamu ile wazee wengine wote wanaonekana nyuso. Protasi peke yake ameipa kamera mgongo.

Minani alifariki mwaka jana. Yahaya, Fideli, Swaumu na Akimana wako hai. Mama yake Protasi aliitwa Domisiana. Kati ya waliomwona, aliye hai ni Protasi tu.