Noti ya Mwalimu Nicanor

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Mwaka jana, Mwalimu Nicanor Kyalo akiwa amelazwa hospitalini, nilimsikia ukumbini mwa shule yetu hapa Tudor.

Mwalimu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya kufundisha muziki hapa miaka thelathini na mmoja. Alikuja kutoka kwao Wote akiwa mtoto, baba yake alipopata kazi bandarini Kilindini. Kiswahili chake kimekolea hata Bi Mwanakuu wa jikoni humtania kwa mtaa wa Waswahili wenyewe: "Wewe u Mkamba wa Kibokoni."

Kila mwaka hutuchezesha baleti ileile, fupi kuliko kipindi cha hesabu, ambayo muziki wake ulitungwa na Mfaransa. Bibi harusi hucheza peke yake, kisha kivuli chake huingia kwa noti moja nzito. Kwenye piano yetu noti hiyo haitoki. Mwalimu huibonyeza hivyo hivyo, halafu huitoa kooni, mdomo umefungwa. Wageni hucheka, lakini sisi huingia jukwaani kwa sauti hiyo.

Mwaka jana kivuli nilikuwa mimi. Mwalimu Wendy ndiye aliyepiga piano badala yake, naye haimbi. Niliogopa nitakwama mbele ya wazazi. Tulipofika pale, ile sauti ikatoka nyuma ya shingo yangu, nikaingia. Baadaye Mwalimu Wendy alinisifu kwa kuingia bila kusikia chochote.

Mwezi huu shule ilimwita Fuad, fundi kutoka Mji wa Kale, aitengeneze piano iwe zawadi ya kumuaga Mwalimu. Tulidhani imeharibiwa na chumvi ya bahari. Fuad aliifungua, akagusa nyaya na vinyundo vyake, akaifunga.

"Haina ubovu," alisema. "Haitaki tu."

Mwalimu alicheka, akasema imezoea kusaidiwa.

Ijumaa atakaa mbele kama mgeni, na Mwalimu Wendy atapiga. Kivuli ni Kadzo, naye haachi kuniuliza atajuaje wakati wa kuingia.

Ahsante, Mwalimu, kwa kuwa na subira na miguu yetu mizito. Tunakuombea siku njema huko Wote, na piano inayotoa noti zote.

Jana mchana nilimpeleka Kadzo ukumbini, tukiwa wawili tu. Nilibonyeza ile noti, nikafunga mdomo, nikaitoa ile sauti mwenyewe. Aliingia sawasawa. Kisha akaniuliza ni mwanamume gani aliyeimba pamoja nami. Niliifunika piano, nikamshika mkono, tukatoka nje.