Majuma Mawili Kwangu, Miezi Tisa kwa Bosco

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnanijua. Mwaka huu huu nilisimama hapa nikawaambia kwamba Mungu amenirudishia permis yangu ya kuendesha pikipiki. Mlipiga makofi, na maman mmoja akaanzisha wimbo. Leo nimekuja kuurekebisha ushuhuda ule, kwa sababu haukuwa wa kweli.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kifaransa nilijifundisha mwenyewe kwa redio, na pikipiki nilijifundisha kwa kuanguka. Nataka kila kitu kiwe sawasawa. Nikimfikisha abiria salama, bado najiuliza kama kona ile niliikata vizuri. Ili kichwa kinyamaze, nilianza kunywa lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, kikombe kidogo kabla ya kazi, nikijidanganya kwamba mikono inatulia. Nilikuwa mlevi, ndugu zangu, ila mlevi anayepiga shati pasi.

Siku moja askari walitusimamisha karibu na daraja la Tshopo, mimi na rafiki yangu Bosco. Tunabeba abiria kutoka kituo kimoja cha pikipiki, na siku hiyo tulikuwa tumekunywa chupa moja, meza moja. Walichukua permis zetu zote mbili. Lakini tulisikilizwa na mahakimu wawili tofauti. Mimi niliingia asubuhi, nimevaa shati jeupe, nikaomba msamaha kwa Kifaransa kilichonyooka. Nilikatazwa kuendesha kwa majuma mawili. Bosco aliingia mchana kwa yule mwingine. Yeye ni mtu wa mtoni, kutoka Yanonge, na akiogopa, Kifaransa humkimbia. Alipewa miezi tisa.

Nami nikauita muujiza! Nilisema hapa, mbele yenu, kwamba Mungu amenitofautisha na wenzangu. Maman Esther, mke wa Bosco, alikuwa amekaa benchi la tatu, mtoto mapajani. Sikumwangalia.

Siku ile ile nilikunywa kusherehekea ushuhuda wangu. Kesho yake nikanywa tena, kisha nikamkuta Maman Esther barabarani, beseni la samaki kichwani, akienda soko la Mangobo. Zamani mume wake ndiye aliyempeleka. Nikamwambia apande, simlipishi. Alinisogelea, akanusa, akarudi nyuma.

"Permis, Mungu alikurudishia," alisema. "Na mu lotoko, alikutoa? Mi nitatembea, kaka. Niko na batoto."

Hakupaza sauti. Alilishika beseni lake, akaenda.

Nilibaki pale, injini ikiunguruma. Majuma yangu mawili hayakunifundisha kitu. Miezi tisa ya Bosco ilikuwa inamwadhibu mwanamke ambaye hajaonja hata tone. Na kati ya watu wawili waliokosa kosa moja, mimi, niliyeachiliwa mapema, ndiye niliyekuwa barabarani nimelewa. Nilizima injini, nikaisukuma pikipiki hadi nyumbani. Chupa niliimwaga nyuma ya nyumba. Mwili ulinitetemeka kwa siku nyingi, na baadhi yenu mlikuja kuniombea. Mungu awakumbuke.

Nilipopata nguvu nilirudi ofisini kwa mahakimu. Nikaeleza kwamba kosa la Bosco lilikuwa langu vilevile, basi adhabu zetu zilingane. Wakaniambia kila hakimu anapima kwa namna yake, na faili imefungwa. Kifaransa changu chote hakikumpunguzia Bosco hata siku moja. Basi nikampelekea ufunguo wangu Papa Albert, kiongozi wa kituo chetu, nikamwambia nitaendesha siku ambayo Bosco ataendesha.

Nilidhani Bosco atafurahi. Alicheka.

"Bon, sasa tuko bapumbavu wawili kwa miguu," alisema. "Na bibi yangu iko anabeba beseni ile ile."

Alisema kweli. Nilikuwa nimetafuta toba iliyonyooka, ya kunipendeza mimi mwenyewe, na haikumsaidia mtu. Tangu hapo beseni nalibeba mimi. Wanawake wanaouza pondu, majani ya muhogo, pale Mangobo wananiita maman mwenye ndevu. Maman Esther hutembea mbele yangu, na hatuzungumzi sana.

Ndugu zangu, ushuhuda huu haujakamilika, na hilo linaniumiza. Bosco hajasema amenisamehe. Miezi yake bado inaendelea. Lakini lotoko sijaigusa tena, na si kwa nguvu zangu! Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye ulevi kwa kinywa cha mwanamke aliyekataa kupanda.

Wewe uliyeachiliwa haraka, usikimbilie kusema ni Mungu aliyekupendelea. Na wewe uliyekunywa leo, pikipiki yako ikikungoja hapo nje, njoo mbele na harufu yako yote. Bwana hatakusukuma. Mtegemee. Nami nipo hapa; ibada ikiisha, nitakusindikiza kwa miguu mpaka mlangoni kwako.