Mzee Kwanini: Miaka Thelathini na Moja, Injini Moja Iliyorudi

Injini za mji huu huwaka zenyewe zikinisikia nakohoa getini, na mwandiko wangu daktari wa zahanati aliwahi kuuomba akauige. Ndiyo maana uongozi wa karakana haukuhangaika kutafuta mtu mwingine wa kuandika wasifu huu. Kusema kweli aliombwa karani kwanza, akasema anaumwa kidole.

Basi jamani, tarehe 30 mwezi wa sita, saa kumi jioni, mkuu wetu wa chumba cha injini atavua ovaroli kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Jina lake kamili liko kwenye fomu za pensheni. Humu ndani ni Mzee Kwanini. Mteja akilalamika gari linakunywa mafuta, atauliza kwa nini. Ukimpa shikamoo ataitikia marahaba, halafu atauliza kwa nini umechelewa.

Alianza kwa kuosha vyuma kwenye pipa la mafuta ya taa, miaka minne mikono ikinuka mpaka mkewe akawa anamwekea sahani mlangoni. Akapanda kuwa fundi wa valvu, kisha mkuu wa injini. Ameona mameneja saba wakija na mipango mikubwa na kuondoka nayo ikiwa bado mipya. Ambacho hakuna meneja aliyethubutu kukigusa ni ubao wa ofisini wa kazi zilizorudi. Gari likitoka kwetu, kisha likarudi na ugonjwa tuliouacha sisi, jina la fundi linapanda ubaoni. Langu liko pale mara nyingi hivi kwamba wageni hudhani mimi ndiye mfadhili. Lake halikuwahi kuandikwa kwa miaka thelathini. Mkewe aliwasimulia majirani habari za ubao ule kama wenzake wanavyosimulia mtoto aliyesomea udaktari, na mzee mwenyewe alikuwa akitaka kitu kimoja tu: aondoke hivyohivyo, safi.

Mwaka jana mkunga mstaafu akaleta gari la marehemu mumewe, gari linalomzidi meneja umri, na adabu pia. Kamshafti yake, ule mhimili wenye vinundu vinavyosukuma valvu zifunguke, ilikuwa imelika. Mpya haipatikani, hata ukilia. Ilibidi atafutwe fundi wa kuichonga upya ileile, na hapo hakuna kubahatisha. Chuma si nywele, ukikinyoa hakioti.

Meneja akaunda kamati. Kamati ikakaa vikao vitatu, kimoja cha kujadili chai ya vile viwili. Likatoka tangazo kwamba anatakiwa "mchongaji bingwa", akaja bwana mmoja na patasi kwapani, mchonga vinyago, akaahidi kututengenezea kamshafti ya mbao isiyoshika kutu. Mtunza stoo akampigia debe shemeji yake. Meneja alimtaka fundi mmoja aliyetuletea kalenda, kwa kuwa miezi yote kumi na miwili ilikuwa ya rangi.

Mzee Kwanini akachukua simu. Kila fundi aliyempigia, mzee alimwambia maneno yaleyale, "Nina kamshafti ya kuchonga," kisha akanyamaza kusubiri. Yule wa kalenda akasema, "Lete tu mzee wangu, hata leo." Shemeji akasema, "Baba, hiyo kwangu ni mchezo wa kitoto." Wa tatu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, naye akaanza: gari lina uzito gani, lina gia ngapi, litabeba nani, litakwenda wapi, dereva ana umri gani na ana haraka ya nini. Maswali kumi na tisa. Mzee akamwomba ayatume yote kwa maandishi, akakata simu anacheka peke yake kama aliyeposa akakubaliwa. "Kuna wanaochonga chuma," akaiambia kamati, "na kuna wanaochonga mdomo. Asiyeuliza chuma changu hakigusi." Kamati ikakubali, na kwenye muhtasari ikajipongeza kwa utafiti wake wa kina.

Yule mama akatuma fomu ndefu ya maswali yake. Ikajazwa, kamshafti ikaenda, ikarudi inang'aa kama kioo cha kinyozi. Mkunga alilitaka gari kwa jambo moja tu: kumpeleka mjukuu wake harusini kwa mwendo wa maringo, watu waone. Siku ya siku gari likatetemeka kama lina homa. Ukikanyaga mafuta linaruka, ukilegeza linazima. Lilizima mara nne, na bibi harusi akamalizia safari kwa miguu, viatu mkononi.

Jumatatu asubuhi likarudi, linavutwa kwa kamba. Mkunga hakufoka. Alisema tu, "Fundi, marehemu alinikataza kulipeleka gari hili kwa mtu mwingine yeyote ila wewe." Mzee akajibu, "Nimekosea mimi, mama yangu." Akachukua chaki, akaenda ubaoni, akajiandika mwenyewe.

Tukiliacha hilo, na meneja ameniagiza tuliache upesi, mzee amefundisha mafundi ishirini na sita. Watatu wana karakana zao. Mmoja, ambaye unamsoma sasa hivi, ana kipaji. Mzee ametuachia chumba chenye kila spana mahali pake, na sauti yake vichwani mwetu ambayo hatujui inazimwa wapi.

Asante, mzee wetu. Ulale mpaka jua likuchoke wewe, kahawa isikupoee, na wajukuu wakujibu maswali yote ambayo sisi tulikimbilia chooni tusiyajibu.

Wasifu ulitakiwa uishie hapo. Lakini ile fomu niliijaza mimi. Mzee alikuwa chini ya lori, ananitajia majibu, kompresa inanguruma. Palipoandikwa "matumizi ya gari" sikumsikia, na nikaona aibu kuuliza mara ya pili mbele ya wenzangu. Nikaandika "mashindano". Yule mama akapiga simu kuhakikisha, kama fundi wa kweli, nikapokea mimi na kumjibu kwa sauti nzito, "Ndiyo, mashindano." Akachonga alichoambiwa, kamshafti ya mbio isiyojua mwendo wa maringo. Jumatatu ile mzee aliisoma nakala ya fomu, akautazama mwandiko, akaikunja akaitia mfukoni, wala hakunitazama. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake wakati anajiandika ubaoni. Nikanyamaza, na nimenyamaza miezi minane. Injini ile niliiharibu mimi.