Chombo Kinachonuka Moshi

Kaeni vizuri, wasikilizaji wapendwa. Kama una kikombe mkononi, kishike. Kama kina pengo ukingoni, usikionee haya. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hangekidharau kikombe hicho hata kidogo.

Jina lake ni Mbula Nyamai. Mzaliwa wa Kikima, kule kwenye vilima vya Mbooni, Makueni. Fundi wa Tulia, Kitui. Sema pamoja nami huko uliko: Mbula Nyamai, mzaliwa wa Kikima, fundi wa Tulia. Wiki iliyopita alilazwa kaburini nyuma ya karakana yake baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tumekuja kwa fahari, wala hatukuja kulia tu.

Fundi wa nini? Hilo ndilo watu wa soko la Tulia walilouliza miaka mingi. Fundi wa cherehani tunamjua. Fundi wa pikipiki tunamjua. Huyu alikuwa fundi wa vitu vilivyochoka. Sufuria iliyotoboka aliigeuza kitako chini, akaitoboa maua na nyota kwa msumari wa moto, ikawa kifuniko cha taa. Sahani za bati zilizobanduka rangi alizikata petali, akazizungushia kioo. Leso zilizochakaa alizichana, akazisokota na makonge, zikawa zulia. Miko iliyoungua ncha aliipanga ukutani kama mionzi ya jua. Ndani ya nyumba yake hukujua pa kutazama kwanza.

"Nilioa mke mmoja," mumewe Musyimi alituambia huku akicheka na kujifuta macho, "nikaletewa majiko ya kijiji kizima."

Na kijiji hakikunyamaza. Walimwita Mbula Jalala. Mulwa, mwenye bucha karibu na kibanda chake, ndiye aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko wote. Asubuhi moja alimwita wateja wakisikia.

"Wee Mbula! Jana nimetupa mfupa. Hutaki kuushona pazia?"

"Lete," Mbula akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini uuoshe kwanza. Usiuache kama hiyo nyama yako."

Wateja walicheka mpaka Mulwa akaingia ndani kunoa kisu kisichohitaji kunolewa.

Lakini msifikiri maneno yale hayakumchoma. Yalimchoma. Musyimi anasema kila jioni alikuwa akisema jambo lile lile akipanga vifaa vyake. "Baba, ipo siku kazi yangu itaingia nyumba ya mtu asiyenijua. Ataiweka sebuleni. Wageni watauliza nani alitengeneza, na atalitaja jina langu. Si Jalala. Jina langu."

Hicho ndicho alichokitaka, wasikilizaji wapendwa. Jina lake liingie nyumba za watu kwa mlango wa mbele.

Mlango wa kwanza ulifunguka Mwingi. Kando ya barabara ya kwenda Garissa kuna duka la mama mmoja aitwaye Sabrin. Ni duka la vitambaa, mikeka na ubani. Sabrin alipita Tulia siku ya soko, akaiona taa ya sufuria, akasimama. "Mama, hii umeitoa wapi?" Mbula akapiga kifua. "Nimeitoa hapa." Tangu siku ile taa za Mbula zikaning'inia dukani kwa Sabrin. Madereva wa malori waliwanunulia wake zao. Wafanyabiashara wa mifugo walizibeba hadi kwao. Na Sabrin hakuwa akisema "hizi taa" tu. Alisema, "Hizi za Mbula."

Jina lilikuwa linasafiri. Halafu likajikwaa.

Sikilizeni vizuri hapa, maana hadithi hii Mbula mwenyewe hakuificha. Kila mwanafunzi aliyekuja karakana yake alisimuliwa kabla ya kushika msumari.

Sabrin alikuwa amesafisha nyumba. Akamjazia Mbula gunia la vyombo vilivyochakaa, akaliweka nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Mbula alipofika, duka lilikuwa limejaa abiria waliokuwa wakinyoosha miguu. Sabrin akapaza sauti juu ya vichwa vyao, "Mama, vitu vyako viko nyuma. Beba tu!"

Mbula akaenda nyuma. Akalikuta gunia. Na kando ya gunia, kwenye jua, akakuta chombo cha maziwa cha kusukwa, cha kale, cheusi kwa mafuta, chenye kiuno chembamba na kifuniko kama kofia. Alishaiona taa ndani yake. Akabeba gunia. Akabeba na chombo.

Alipofika nyumbani alikifungua, akaingiza pua. Kilinukia moshi.

Sasa, nyinyi mliokulia Ukambani mnanielewa. Mama yake Mbula kule Kikima alikuwa mshonaji wa vitete, vile vibuyu vya maziwa. Kitete cha maziwa kikipasuka, aliletewa, akakishona. Na kabla ya kukirudisha alikifukiza kwa kijinga cha moto, ili maziwa yakae bila kuharibika. Mtoto wa nyumba ile alijua jambo moja kabla ya kujua kusoma: hakuna mtu anayefukiza chombo alichokitupa. Chombo kinachonuka moshi kina mwenyewe, na mwenyewe anakingoja.

Mbula alijua. Pua ilimwambia. Mkono haukutaka kusikia. Akapasha msumari moto.

Wiki ile ile alirudi Mwingi na taa nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Aliiweka juu ya meza ya duka, akawasha balbu ndani yake, na nuru ikatawanyika juu ya vitambaa kama nafaka iliyomwagika. Wateja wakasema, "Maashallah!" Sabrin akakitambua chombo. Rangi ilimtoka. Akamwita mama yake.

Mama yake Sabrin ni Bi Ebla, mzee wa maneno machache. Alitoka ndani taratibu, akaishika ile taa, akapitisha kidole juu ya matundu.

"Hiki ni cha mama yangu," akasema. "Nimekifukiza juzi. Ismahan anaolewa. Ataondoka nacho."

Ismahan ni binti wa Sabrin. Chombo kile kilikuwa kimetoka kwa bibi hadi kwa bibi arusi, na sasa ilikuwa zamu yake.

Bi Ebla akamtazama Mbula. "Wewe ulinusa?"

"Nilinusa, mama."

"Na ukatoboa?"

"Nikatoboa."

Sabrin akaanza kuziteremsha taa zilizoning'inia. "Chukua taa zako zote, mama. Zote. Sitaki kuona hata moja hapa."

Habari ilifika Tulia kabla ya Mbula. Mulwa alikuwa amesimama mlangoni pa bucha, tayari. "Jamani, tufiche masufuria! Mbula siku hizi anatoboa hata yaliyo motoni!" Siku ile Mbula aliinamisha kichwa. Alipita, akaingia kwake, akafunga mlango.

Musyimi alijaribu kumtuliza kwa njia tunayoijua. "Tupeleke mbuzi, mama. Tukae na wazee, yaishe."

"Mbuzi atashika maziwa?"

"Kwani utafanya nini? Tundu ni tundu."

"Mama yangu hakuwa akisema hivyo," Mbula akajibu. Akainuka, akatafuta sindano ya mama yake, ile ndefu ya kushonea vitete, akaichomeka kwenye kilemba chake.

Asubuhi alikuwa Mwingi. Hakupita dukani. Alizunguka nyuma, kwenye ule mlango wa jikoni, akaketi chini palepale alipochukua kisicho chake. Sabrin akamwona, akageuka. Jua likapanda. Mwishowe Bi Ebla akatoka na kibao chake cha kukalia.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kushona, mama. Msamaha utanipa ukipenda. Lakini chombo nitakishona."

"Kwa nini?"

"Kwa makonge."

Bi Ebla akatoa sauti puani. "Makonge yatakunywa maziwa yote. Mkamba wewe, unajua kutoboa, hujui kuziba." Akaingia ndani. Mbula akadhani amefukuzwa. Mzee akarudi na bakuli la maji, na ndani yake nyuzi za mizizi zilizolowekwa, laini kama nywele. Akaziweka kati yao. "Kaa karibu. Macho yangu hayaoni vizuri, lakini vidole vinakumbuka."

Wakaanza. Nyuzi za Bi Ebla, mshono wa Kikima. Bi Ebla alionyesha jinsi ya kubana uzi ukiwa na maji ili ukikauka ujikaze. Mbula alionyesha jinsi ya kuvusha sindano msalaba juu ya ufa ili usiendelee. Waligombana. "Vuta!" "Nikivuta utakatika!" "Vuta, nimesema!" Sabrin alikuwa akipita na birika, akijifanya hawaoni. Siku iliyofuata alipita, akaacha vikombe viwili vya chai. Mbula aliwaambia wanafunzi wake kwamba chai ile ilikuwa tamu kuliko msamaha wowote.

Tundu kwa tundu, chombo kikafungwa. Hawakuificha mishono. Nyuzi mpya zilikuwa nyeupe juu ya weusi wa zamani, na zilifuata maua yale yale Mbula aliyoyatoboa. Wakakipaka samli. Bi Ebla akakifukiza. Kisha Ismahan mwenyewe akaletwa, akamimina maziwa ndani, wote wakainama kutazama.

Kikashika.

Ila pembeni, kwenye ua moja, tone dogo likajitokeza, likasimama, halikuanguka. Bi Ebla akalifuta kwa kidole, akalilamba, akacheka cheko la kwanza. "Kinatoka jasho. Na sisi je, hatukutoka jasho?"

Ismahan aliondoka na chombo kile siku ya arusi yake. Wanawake wa upande wa bwana arusi wakauliza maua yale meupe yametoka wapi, kwa maana hawakuwahi kuona kitu kama hicho. Ismahan akawajibu, "Nyanya yangu na Mbula wa Tulia."

Mnasikia, wasikilizaji wapendwa? Nyumba ya mtu asiyemjua. Wageni wakauliza. Jina likatajwa. Na halikuwa Jalala.

Taa zikarudi dukani kwa Sabrin. Lakini Mbula hakuwa yule yule. Aliweka sheria moja katika karakana yake, nanyi mkienda leo mtaikuta imeandikwa kwa vipande vya sahani juu ya mlango: NUSA KWANZA. Kila kitu kilicholetwa, kiwe kimeletwa na jirani au kimeokotwa njiani, kilinuswa kabla ya kukatwa. Kikinuka vumbi, kazi ianze. Kikinuka moshi, mafuta, maziwa au sabuni, miguu ishike njia, ukaulize: kina mwenyewe? Wanafunzi wake, wasichana na wavulana kutoka Tulia hadi Kikima, bado wanafanya hivyo. Wapita njia huwaona vijana wameingiza pua kwenye masufuria, wakacheka. Wacha wacheke.

Siku ya mazishi, gari lilitoka Mwingi. Bi Ebla alishuka akiwa ameshikwa mikono huku na huku, amekuja kumzika rafiki yake. Ismahan alikuwa nyuma yake, amebeba kile chombo kwa mikono miwili. Kilikuwa kimejaa maziwa ya ngamia. Walimimina, vikombe vikazunguka kwa waombolezaji. Mulwa wa bucha alikuwa kwenye mstari. Alipopewa kikombe, alikitazama chombo muda mrefu, akauliza, "Hii mishono ni ya Mbula wetu?" Ismahan akasema ndiyo. Mulwa akavua kofia. "Basi kazi yake inashika," akasema, akanywa.

Na kabla ya kuondoka kule Tulia, tulishuhudia jambo moja. Wanafunzi walikuwa wakipanga vitu vya mwalimu wao. Dirishani wakakuta kikombe chake cha bati, cha bluu, kimebanduka rangi, mkono umelegea. Mmoja wao akamuuliza Musyimi, kwa heshima, kama wanaweza kukitumia. Kingefaa kukatwa petali za kuzungushia kioo. Mwenyewe angefurahi.

Musyimi akakipokea. Akakiinua hadi puani. Akakaa nacho hapo.

"Hapana," akasema. "Bado kinanuka chai. Hiki kina mwenyewe."

Akakirudisha dirishani.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Musyimi, kwa watoto na wajukuu, kwa ukoo wa Kikima na majirani wa Tulia, studio hii inawapa pole kutoka moyoni. Mungu awape nguvu. Na kwa Bi Ebla na nyumba yake kule Mwingi, *ni muvea muno*, asanteni sana, kwa kumtunzia dada yetu jina.

Kwako unayetusikiliza: leo ukitaka kutupa kitu, au hata mtu, nusa kwanza.

*Sufuria hutoboka, ikatupwa jalalani,*
*Kibuyu kikipasuka, kikarushwa kichakani,*
*Mbula alipovishika, vikang'ara ukutani,*
*Jina lake limefika, limeingia nyumbani.*

Mbula Nyamai. Mzaliwa wa Kikima. Fundi wa Tulia.