Mama Dhapu na Karamu ya Siku ya Kumi na Mbili

Ndugu waombolezaji, kabla mama yetu hajapelekwa kwenye kuni zake za kuchomewa, familia inaomba masikio yenu kidogo.

Marehemu Dhapu Devi alizaliwa tarehe 11 Aprili 1958, kijijini Devkhera, wilaya ya Bhilwara, Rajasthan, akiwa binti wa nne wa mfinyanzi Hazari na mkewe Barji, ndiyo maana akaitwa Dhapu, yaani tumeshiba, jina ambalo mzazi humpa binti akitumaini miungu itaelewa, na miungu ikaelewa, akafuata mdogo wake wa kiume, Bansi.

Tarehe 9 Mei 1964, siku ya kumi na mbili baada ya babu yake kufariki, katika karamu ya kuanua matanga, Dhapu na dada zake watatu waliozwa kwa mkupuo, kwa kuwa wageni walikwisha kuja na chakula kilikwisha kupikwa, na Hazari hakuwa mkatili, alikuwa mtu mwenye mabinti wanne na msiba mmoja. Dhapu alizungushwa moto wa ndoa akiwa amelala begani kwa mjomba, akaamka ameolewa.

Kwa desturi alibaki kwao, akasoma, hadi tarehe 18 Novemba 1972, wakwe walipokuja na mkokoteni wa ngamia kumchukua. Asubuhi hiyo aliingia katika tanuru la baba yake, lililokwisha kupangwa vyungu na kuni, akaketi humo. "Toka, mwanangu, nguo zitachafuka," mama mkwe alimbembeleza, naye akajibu, "Zilichafuka nikiwa na miaka sita, mama. Nitatoka mkiondoka, au baba awashe." Shangazi yake akasema, "Mwacheni, akiiva ataita." Hazari alisimama na kiberiti mkononi hadi alasiri, kisha akawapa wageni wawashie kiko, akasema kwake hakutawashwa moto mwingine siku hiyo.

Baraza la ukoo liliamua kwamba mtu asishiriki maji wala kiko na nyumba ile, na ikawa hivyo kwa miaka mitano, hadi mwaka 1977, mume wake wa utotoni, Kishan, aliposimama mwenyewe barazani akasema na yeye hakuulizwa, ndoa ile ikavunjwa.

Mwaka huohuo Dhapu alimaliza darasa la kumi, akasomea ukunga, akafanya kazi hiyo kuanzia 1981 hadi 2016. Popote alipofariki mzee, alifika siku ya tatu na daftari lake la watoto aliowazalisha, lenye tarehe zao za kuzaliwa, ili asiozwe aliye mdogo, akaketi mlangoni mpaka karamu iishe, na watu wakamwita Tumbusi. "Mwone, amesikia harufu," alitaniwa, naye akajibu, "Tumbusi hagusi aliye hai, kaka. Mnaogusa ni ninyi." Harusi nyingine alizizuia, nyingi zilimshinda, na zilizomshinda ndizo alizokuwa akizihesabu.

Tarehe 3 Machi 1984, akiwa na miaka ishirini na mitano, alifunga ndoa na mwalimu Madanlal, aliyemtangulia mbele ya haki, wakajaliwa watoto wawili, Girdhari na mimi, Saroj.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Tarehe 28 Januari 2024, akiwa kitandani hospitalini, alisikia kwamba Ramdhan, mtoto wa Bansi, amekwisha kuulizia mpishi wa karamu ya matanga ya mama, na kwamba Pinki, binti wa Ramdhan, mwenye miaka kumi na mmoja, amepimwa nguo za harusi. Alimwita Ramdhan akamwambia, "Unanioza tena, mwanangu?" Ramdhan aliinamisha kichwa, na mama hakulala vizuri tangu hapo, hadi alipofariki tarehe 2 Februari, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea mikate ya mtama, wakunga wenzake, na mzee Kishan, aliyesafiri tangu jana na ameketi pale nyuma. Siku ya kumi na mbili kutakuwa na chai tu. Mpishi hajaitwa. Aliyekuja na nguo nyekundu za bi harusi kwenye mfuko, tunamshukuru pia, na tunamwomba arudi nazo. Ramdhan asubuhi hii ameniletea daftari la mama, nami nimempa Pinki alishike, na ndiye atakayetangulia mbele ya jeneza.

Pumzika, mama, kwa amani. Mlangoni tutakaa sisi.