Wattie Lockhart, Beki Aliyesubiri Kutajwa

Wasikilizaji wapendwa, Wattie Lockhart ametutoka. Beki wa kushoto wa Kilbrannoch, klabu ya mji wetu huu, aliyevaa jezi moja tu maisha yake yote ya soka, amezikwa leo asubuhi, mvua ikinyesha.

Wattie hakufunga goli hata moja. Nasema tena, hata moja, kwa sababu mji huu haukuacha kumkumbusha. Akienda kununua pai ya nyama kwenye kibanda cha uwanjani, muuzaji humtania: "Sogea karibu, Wattie. Wewe kwa mbali hulengi." Naye hucheka. Hucheka huku akichechemea, maana goti lile aliliacha kwenye matope yetu.

Klabu tajiri ya Uingereza iliwahi kumtaka. Akakataa. Alimwambia mkewe, Isobel, kwamba mtu hahami kwao.

Klabu ilipotimiza miaka mia, mashabiki walipiga kura ya wachezaji ishirini wanaopendwa kuliko wote. Kukawa na karamu, na Wattie akaalikwa. Isobel anasema tangu mchana mume wake alikuwa na tai shingoni, anaogopa kuketi asije akaikunja suti.

Majina yalisomwa kuanzia wa ishirini kwenda juu. Wa kumi na tano akapita, Wattie akambonyeza mkewe. Wa kumi akapita, uso ukazidi kunawiri. Kila jina lisilo lake, yeye aliona anapanda. Aliposomwa wa pili, alikwisha kufunga vifungo vya koti, tayari kusimama.

Wa kwanza akawa Denholm Petrie, mshambuliaji aliyecheza hapa misimu miwili, kisha akafuata pesa Uingereza.

Wattie alisimama hata hivyo. Alipiga makofi hata baada ya wengine wote kuacha. Ndani ya gari, walipokaribia nyumbani, alimgeukia Isobel.

"Bella," akamwuliza kwa jina alilozoea kumwita, "hivi hawakuruka karatasi moja?"

"Labda, mpenzi," Isobel akamjibu.

Hakukanyaga uwanjani tena. Wasikilizaji wapendwa, nyumba yake inatazamana na lango la uwanja. Hakuna aliyekwenda kumwuliza kulikoni.

Wiki iliyopita akafariki. Mara kura ikapigwa upya mtandaoni, na sasa Wattie ndiye wa kwanza. Naam, wa kwanza. Juzi mwenyekiti wa klabu alipeleka habari hiyo pamoja na maua. Binti wa marehemu, Elspeth, alimfungulia mlango.

"Ingia umwambie mwenyewe," alisema. "Yuko sebuleni, kwenye jeneza."

Mwenyekiti hakuingia. Aliyaweka maua kizingitini, akaenda zake.

Isobel, Elspeth, poleni sana. Mungu awatie nguvu, maana sisi majirani tulishindwa. Nanyi mnaonisikiliza, yupo mtu mnayempenda ambaye hajui. Mpigieni simu. Hapa redioni tutanyamaza kidogo, mpate nafasi.